Nilianzia Mlangoni

Wiki iliyopita fundi wangu mmoja alijifungia ndani ya chumba ambacho mlango wake ulikuwa wazi.

Ni mtu mzima, baba wa watoto watatu, aliyechoka kuendesha bodaboda pale Kondele akaja kwangu kujifunza kazi ya kuweka vigae. Tulikuwa kwenye nyumba mpya huko juu Riat, upande unaotazama ziwa. Mimi nilikuwa nimeshuka chini kupokea mchanga. Niliporudi juu nilimkuta amesimama kwenye kona ya mbali ya chumba cha kulala, ndoo mkono mmoja, mwiko mkono wa pili. Kati yetu sakafu nzima ilikuwa imejaa vigae vipya vyeupe, vimepangwa vizuri kweli, na gundi chini yake ilikuwa bado mbichi. Dirisha lililokuwa nyuma yake lilikuwa na vyuma.

"Umeanzia wapi?" nilimuuliza, ingawa nilikuwa naona.

"Si hapo mlangoni, Madam. Unajua mama mwenye nyumba anapitanga hapo jioni kuangalia. Nilitaka akichungulia tu, aone hii laini vile imenyooka." Akaitazama ndoo yake. "Sasa mimi nitatoka aje?"

Wanaonijua kazini watakuambia kwamba nina mdomo. Sikatai. Siku hiyo mdomo ulifunguka tayari kwa kazi yake, lakini kilichotoka ni kicheko. Nilicheka mpaka nikashika fremu ya mlango, machozi yakanitoka, na yule bwana akaanza kuniangalia kwa wasiwasi, maana alizoea kelele zangu na hakujua afanye nini na kicheko. Ningemwelezaje? Kona ile niliijua. Niliwahi kusimama ndani yake nikiwa na miaka kumi, nimeshika ndoo vilevile.

Mwache hapo kidogo, rafiki yangu, hataenda popote. Nikupeleke kwanza Seme, kwa Dani.

Dani ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Dholuo, na wangu alikuwa mama wa baba yangu. Boma lake lilikuwa mbele ya Kombewa, pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea ziwani. Sisi tuliishi Kisumu mjini, nyumba ya kupanga, sakafu ya simenti iliyopakwa rangi nyekundu ambayo mama aliisugua kila Jumamosi. Shule zikifungwa nilipelekwa kwa Dani. Watoto wa huko waliniita msichana wa mjini, na mimi badala ya kuona haya nilijivuna. Nilikuwa wa kwanza darasani na nilitaka kila mtu ajue. Hata nikibeba maji kutoka ziwani nilipitia njia ndefu ya kanisani ili watu waone kwamba ndoo imejaa na siishiki kwa mkono.

Dani hakuwa na Kiswahili kingi. Maneno yake yote ninayokupa hapa aliyasema kwa Dholuo, na kama yamepungua ladha njiani, kosa ni langu.

Nyumba yake ilikuwa ya udongo na mabati, na sakafu yake ilisiribwa kwa mavi ya ng'ombe. Usikunje pua. Ng'ombe aliyekula nyasi tu, mavi yake yananukia nyasi, na ukiyachanganya na majivu ya jikoni, udongo mweusi na maji, harufu inayobaki ni ya asubuhi yenye umande. Likizo ya kwanza niliyachota kwa vidole viwili huku nimefumba macho. Kufikia likizo ya tatu nilikuwa naingia zizini kabla jua halijapanda, nachota kwa mikono miwili yakiwa bado na joto, na ningeweza kukuambia ni ya ng'ombe yupi. Dani aliyaponda ndani ya karai akiongeza maji kidogo kidogo, akijaribu kwa kiganja. Yalipokuwa tayari yalilia chapwa, chapwa, na akaacha.

Watu walimjua kwa mkono wake. Mtu akiwa na harusi au matanga alikuja kumwomba Dani asiribe sebule. Alipiga magoti, akafagia kwa kiganja nusu duara, kisha nyingine ikilalia ile ya kwanza, na nyingine, zote upana mmoja, mpaka sakafu ikawa na mawimbi madogo kutoka ukuta hadi ukuta. Siku zote aliingia ndani kabisa, akaanza kwenye kona ya giza ambayo hakuna mtu angehangaika kuitazama, akarudi kinyumenyume. Nusu duara la mwisho alilipiga akiwa nje, ameinama juu ya kizingiti. Sikumuuliza kwa nini. Nilisiriba kando yake nikifuata alikokwenda, na kichwani nilijiambia ni mazoea tu ya mtu mzee.

Jioni tulikula ugali wa mtama na muhogo, ule mwekundu unaoshika mkono, pamoja na mito, mboga za majani zenye uchungu kidogo, zilizolala kwenye chungu na maziwa siku mbili. Kukiwa na omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, Dani aliziunga na nyanya mpaka jirani akaja kuomba chumvi ambayo hakuihitaji. Upepo wa ziwa uligonga mabati. Redio ya baba mdogo ilikuwa na betri zilizoanikwa juani mchana ili zipate nguvu, na taarifa ya habari ilisomwa na mtu aliyesikika kama ana homa.

Alikuwepo pia shangazi, binti ya Dani. Alishona nguo kwa cherehani pale sokoni Kombewa, na alikuwa amepita miaka thelathini bila kuolewa. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuja nyumbani mara mbili, akala kuku wawili, akapotea. Kijijini hilo lilizungumzwa kwa muda mrefu kuliko alivyokaa. Sasa alikuwa amejitokeza mwingine, mtu mpole wa upande wa Sondu aliyeleta vitambaa Kombewa siku za soko, na safari hii watu wake walikuwa wanakuja rasmi, wamwambie Dani ana kwa ana kwamba wanamtaka binti yake. Siku hiyo tunaiita ayie. Ilikuwa iwe Jumamosi.

Wiki nzima shangazi alikuwa anaimba jikoni. Alidarizi vitambaa vipya vya kufunika viti, vyeupe vyenye maua ya zambarau. Nilimpenda sana shangazi. Ndiye aliyenisuka, ndiye aliyeniwekea ukoko wa ugali. Kwa hiyo jirani yetu, mama mmoja mwenye habari za kila boma kutoka Kombewa hadi ufukweni, alipokaa kwenye kigoda na kusema yake, nilisikiliza kwa masikio yote.

"Hao watu wa Sondu wana macho," alisema. "Mama wa huyo bwana ni msiribaji, anajulikana. Nimeambiwa yeye huangalia chini kwanza, ndipo amwangalie msichana usoni. Kuna nyumba alikataa kunywa chai kwa sababu ya sakafu."

Dani aliendelea kuchambua mboga. "Basi tutasiriba," akasema.

Ijumaa asubuhi tulitoa kila kitu nje: viti, meza, kabati la vikombe, picha ya babu. Dani aligawa kazi. Kuta za nje zilihitaji udongo mweupe, ule unaochimbwa karibu na ziwa, na angeufuata yeye pamoja na jirani. Shangazi alikuwa sokoni akimalizia vitambaa. Mimi nilipewa chumba cha nyuma, kile cha kuwekea majembe na vyungu. Sebule ingemngoja Dani arudi.

"Chumba cha nyuma tu," aliniambia. "Ukimaliza, pumzika."

Nilibaki na karai limejaa na ndoo ya maji. Nikachungulia chumba cha nyuma. Kulikuwa na giza, na buibui, na majembe. Nani angekiona? Halafu nikachungulia sebule, tupu, pana, mlango umeingiza jua lote ndani. Niliwaza wageni wamesimama pale, yule mama mwenye macho akitazama chini, kisha akiuliza, ni nani aliyesiriba hivi? Na shangazi akijibu, ni huyu wetu wa mjini. Nilikuwa natamani shangazi aolewe, hiyo ni kweli kabisa. Lakini nilitaka aolewe kwa sababu yangu.

Nikaburuta karai hadi sebuleni. Nikaanzia mlangoni, kwa sababu hapo ndipo macho yangetua kwanza.

Nakuambia, mkono wangu ulikuwa na neema siku hiyo. Nusu duara zilifuatana, nikaimba wimbo wa gwaride la shule, nikapiga mstari baada ya mstari nikiingia ndani na kazi yangu nzuri ikibaki mbele ya macho yangu, kati yangu na mwanga. Nilijisogeza nyuma kwa magoti, nikasimama kuifurahia, mgongo ukagusa ukuta.

Sikuelewa mara moja. Niligeuza kichwa kulia, ukuta. Kushoto, ukuta. Dirisha moja tulilokuwa nalo lilikuwa kule upande wa mlango. Sehemu kavu iliyobaki ilinitosha mimi na karai na ndoo.

Ningeweza kuita. Baba mdogo alikuwa shambani, angesikia. Lakini kumwita mtu ni kumwonyesha, nami nilijiambia kwamba sakafu itakauka kabla mtu hajaja, nitatoka taratibu, hakuna atakayejua. Nikaipindua ndoo, nikakaa juu yake. Jua likahama kizingitini. Kuku mmoja akaja mlangoni, akaingiza kichwa, akaniangalia, akaona sina la kumfanya. Aliingia. Alitembea polepole katikati ya kazi yangu, akachakura kidogo akatafuta mdudu, akarudi nje kwa njia nyingine. Nilimrushia kila neno nililolijua, kwa lugha tatu, na hata hakugeuka.

Ndipo nikaanza kulia, na hivyo ndivyo Dani alivyonikuta, akiwa na beseni la udongo mweupe kichwani na jirani nyuma yake. Jirani alipiga makofi. "Uwi! Sasa huyu amefikaje kule?" Dani alishusha beseni, akanawa mikono, akasimama mlangoni akaitazama sakafu yote, nyayo za kuku na mimi kwenye kona yangu.

"Umeanzia mlangoni," alisema.

"Ndiyo, Dani."

"Ulitaka nani aone?"

"Wageni."

"Wageni wanakuja kesho," akasema. "Leo ulikuwa peke yako." Kisha akaninyooshea mkono. "Toka. Usinyate, ukinyata unachimba. Weka mguu wote."

Niliweka mguu wote. Nilikanyaga hatua tisa kutoka konani hadi kizingitini, na kila moja nilisikia ikizama. Kiatu sikuwa nacho. Nilipofika nje niligeuka, na mfululizo wa nyayo zangu ulikata sebule ya Dani vipande viwili.

Wingu lilikuwa limeshasimama upande wa ziwa. Ng'ombe walikuwa malishoni na mavi ya zizini nilikuwa nimeyamaliza asubuhi. Jirani, alipotosheka na kucheka, alienda kwake akatuletea karai lake, lakini ng'ombe wake walikuwa wanalishwa majani ya viazi na mavi yao yalikuwa meusi zaidi. Kusiriba upya sebule nzima hakukuwezekana, isingekauka. Dani alinishika bega, akaniingiza hadi kwenye ile kona.

"Malizia wewe, Dani," nilimsihi. "Wataona mkono wangu."

"Wataona. Piga magoti."

Tulirudi kinyumenyume pamoja juu ya nyayo zangu, yeye upande wa kushoto, mimi kulia. Nusu duara zake zilikuwa pana, zangu nyembamba na za kuyumba. Hakunirekebisha. Tulipopiga ya mwisho tukiwa nje, matone ya kwanza yalianguka.

Shangazi alifika na mvua, vitambaa vyake amevifunga kwa nailoni kifuani. Alisimama mlangoni. Rangi mbili, mkono wa mtu mzima na mkono wa mtoto, njia nyeusi kutoka kona hadi miguuni pake. Aliniangalia mimi, akaiangalia sakafu, midomo yake ikaanza kutetemeka. Aligeuka haraka akaenda nyuma ya jikoni. Nilimwona kupitia ukuta wa fito amejiinamia, mabega yanatikisika. Rafiki yangu, nimezika watu tangu siku hiyo, lakini sijawahi kuumia kama mabega yale ya shangazi yalivyoniumiza usiku ule. Nililala bila kula. Niliomba Mungu wa Sondu alete mafuriko kwenye mto wao, daraja lichukuliwe.

Daraja halikuchukuliwa. Jumamosi walikuja watu wanane, kina mama mbele wakiimba, na mama wa bwana katikati yao, mrefu, kitambaa cheupe cha kanisani kichwani. Mimi nilijificha jikoni nikichungulia. Sakafu ilikuwa imekauka upande, na ile njia yetu ilikuwa bado na unyevu, nyeusi kuliko jana. Walikaribishwa, wakaomba, wakakaa juu ya maua ya zambarau. Chai ikamiminwa. Yule mama alipokea kikombe chake akakiweka mezani bila kukigusa kwa mdomo.

Kisha akainama. Aliweka kiganja sakafuni, pale pale, akakisogeza taratibu akifuata mawimbi. Mazungumzo yalikatika moja moja mpaka nikasikia kuku nje. Nilikuwa nimeshika nguzo ya jikoni. Nilijua kabisa kwamba ninaangalia shangazi yangu akikosa mume.

"Hapa kuna mikono miwili," alisema yule mama.

"Ndiyo," Dani akajibu. "Mmoja unajifunza."

"Uko wapi?"

Waliniita. Nilitembea hadi pale sijui kwa miguu ya nani. Yule mama aliugeuza mkono wangu, akaona kucha za kijani na ngozi iliyopasuka. "Ulianzia wapi, mtoto wangu?" Dani akanijibia. "Mlangoni. Tulimtoa kwenye kona ile."

Yule mama akamtazama shangazi, aliyekuwa amekaa kwa adabu, macho chini. "Na huyu wenu tunayemtaka, yeye mlimfundisha hivyohivyo?"

"Huyu?" Dani alisema. "Huyu tulimtoa kwenye kona hiyohiyo. Yeye alikaa mpaka jioni."

Nikaona mabega ya shangazi yanatikisika tena, kama jana. Alikuwa anacheka. Alikuwa amefunika uso kwa leso na anacheka, na ndipo nikaelewa kwamba jana pia, nyuma ya jikoni, alikuwa anacheka hivyohivyo, amejificha ili asiniaibishe.

Yule mama hakucheka kwa sauti. Alichukua kikombe chake, akanywa chai, akakishusha. Akaniinamia karibu na sikio, kana kwamba ni siri yetu wawili.

"Hata mimi," akasema.

Shangazi aliolewa Sondu. Amezaa huko, amezeekea huko, na magoti yanamsumbua. Nikimpigia simu huniuliza kwanza, "Bado uko konani?"

Na ungefikiri kwamba baada ya siku hiyo mimi ningekuwa mtu mwingine. Ningependa kukuambia hivyo. Ukweli ni kwamba nilipoanza kazi hii, mwanamke peke yangu katikati ya mafundi wanaume, nilianzia mlangoni kila siku. Sebule za watu nilizipanga kwa kamba na pimamaji, stoo nikazimaliza kwa haraka. Nilipokosea nilikuwa na kidole tayari. Jikoni moja mjini laini yangu ilipinda nyuma ya mahali pa friji, na mwenye nyumba alipoiona nilisema ni kazi ya msaidizi wangu, mzee aliyekuwa amenizidi umri na hakuwa hata ndani siku hiyo. Alifukuzwa. Hunisalimia kwa heshima tukikutana kwenye stendi, na heshima hiyo ndiyo inayonichoma. Nimepanga kumwambia mara nyingi. Bado sijamwambia, na hilo nalo ni kona yangu.

Basi turudi Riat, mtu wetu amechoka kusimama.

Nilipomaliza kucheka nilimwambia atoe vigae mstari mmoja, atoke kwa kuweka mguu wote, kisha turudishe. Tulirudisha pamoja, yeye kushoto mimi kulia. Gundi ilikuwa imeanza kushika na kazi haikutoka sawa, nafasi alizoacha kati ya vigae na zangu hazikulingana. Jumamosi mama mwenye nyumba alikuja. Ana jicho, nampa haki yake. Alipita hadi katikati, akasimama, akasugua kiungo kwa ncha ya kiatu.

"Fundi, hapa si kama pale."

Neno lilikuwa tayari mdomoni, ni huyu mpya, Mama, nitamwondoa. Nililisikia kabisa. Yule bwana alikuwa mlangoni na kofia mkononi.

"Ni mikono miwili, Mama," nikasema. "Mmoja unajifunza. Mwingine ni wangu."

Alinitazama kidogo. Hakuwa mtu mbaya. "Mimi nilitaka mkono mmoja," akasema. "Mtarudia, tafadhali." Na alikuwa na haki. Vigae ndivyo vilivyo. Nikifanya kazi yangu vizuri kabisa, hakuna atakayejua kwamba nilipita.

Jumapili nilienda Seme. Baba mdogo ana nyumba ya mawe sasa, na sakafu yake niliiweka mimi mwenyewe, inang'aa. Nyumba ya Dani haipo. Kwetu mwenye nyumba akishafariki hatuikarabati. Waliondoa mabati, mvua ikamalizia kuta, na mahali pa sebule pamepandwa viazi vitamu. Nilitafuta kizingiti kwa kuhesabu hatua kutoka kwenye jiwe la kunolea majembe, jiwe lipo bado. Halafu nikahesabu hatua hadi konani. Zamani zilikuwa tisa. Sasa zilikuwa tano.

Niliinama hapo nikaweka kiganja chini, katikati ya majani ya viazi. Udongo tu. Sijui nilitegemea nini. Sakafu ile ilibidi isiribwe upya kila wiki, na kila wiki ilionyesha nani amepiga magoti hapo. Boma lilijua mkono wa nani umechoka, wa nani umekomaa, wa nani umeanza juzi. Jirani amekufa. Mama wa Sondu amekufa. Nilisikia uchungu kwamba wale kina mama walioweza kuinama, wakasoma sakafu kwa kiganja, na wakasoma huruma ndani yake, wamekwisha wote, na shangazi hawezi kupiga magoti tena. Baba mdogo aliniita chai. Nikapangusa mikono nikaenda.

Jumatatu tulikuwa Riat mapema. Ziwa lilikuwa tulivu na chumba kizima kilikuwa na mwanga wake. Nilimwona fundi wangu anapita mlangoni na ndoo bila kusimama, akaenda moja kwa moja hadi kona ya mbali, akapiga magoti. Nikapiga magoti kando yake. Tulifanya kazi tukirudi nyuma, mpaka tulipofika katikati akafuta jasho na kuuliza bila kuniangalia, kama mtu aliyekaa na swali siku nyingi.

"Madam, ile siku ulicheka sana. Ulikuwa unanicheka mimi?"

Nilipangilia kigae changu, nikakigonga kwa mpini mpaka kikatulia.

"Hapana," nikamwambia. "Hata mimi."